Ni Nani Aliyeiita Mombasa Mji wa Khiana?



Katika darsa yetu ya baada ya Isha, wiki tatu zilizopita, kijana mmoja alikuja na daftari la ndugu yake mdogo asomaye darasa la sita. Alilifungua mbele yetu akatuonyesha sentensi moja iliyoandikwa kwa hati ya kitoto: kwamba Vasco da Gama alipofika pwani yetu mwaka 1498, watu wa Mombasa walikuwa makhaini na watu wa Malindi walikuwa wema. Alikuwapo mgeni wetu mmoja, mtu wa Malindi. Akacheka akasema, "Hatta vitabuni mmeandikwa, jamaa zangu." Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye nasaba yake ya Mombasa yafika mbali, akainuka akachukua viatu vyake. Tulimshika kanzu kwa heshima tukamwambia: "Mzee wetu, kaa kitako. Hii ni khabari kama khabari nyingine, na sisi tumefundishwa namna ya kuipokea khabari." Akakaa, lakini viatu hakuviwacha mkononi.

Tuliyoyasoma usiku ule na mbili zilizofuata tumeona yafaa tuyaandike hapa, kwani daftari kama lile limo katika nyumba nyingi za mji huu, na mtoto akisha kuambiwa kwamba babu zake walikuwa makhaini hatuulizi sisi. Hunyamaza tu, akakua nalo.

Sote twaijua kazi waliyoifanya wanavyuoni wa hadithi, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mtu akiwajia na neno hawakulipokea kwa uzuri wa sauti yake wala kwa wingi wa wanaolikariri. Waliuliza: nani aliyekusimulia? Na yeye alisimuliwa na nani? Alikuwapo? Alikuwa mkweli? Je, alikuwa na ugomvi au faida katika jambo hilo? Na amri ya kuihakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga imo katika Surat al-Hujurat, ambayo wengi wetu twaihifadhi. Ajabu ni kwamba sisi tunaojivunia elimu hii, tukifungua kitabu cha tarikhi twaisahau kabisa. Lililopigwa chapa huwa kwetu ni kweli.

Basi na tuulize. Msimulizi wa kwanza wa khabari hii ni nani? Ni mmoja wa watu waliokuwa katika merikebu za da Gama mwenyewe, aliyeandika khabari za safari siku kwa siku. Jina lake hakulitaja; wengi wadhani ni Álvaro Velho. Alikuwapo, na hilo ni jema, kwani aliyeona si kama aliyesikia. Lakini alikuwa wa upande mmoja wa ugomvi, na hapana mtu wa Mombasa wa siku zile ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yametufikia. Kwa hiyo tuna mpokezi mmoja tu, naye ndiye mshitaki. Tulikubaliana katika darsa tusilete maneno ya mtu mwingine kwanza, tumsome yeye peke yake.

Asema kwamba kabla ya Mombasa walifika kisiwa cha Msumbiji, mwezi wa Machi mwaka ule. Wenyeji waliwadhania kuwa ni Waislamu wakawapokea vizuri. Walipowatambua, mapenzi yakageuka. Pakatokea ugomvi juu ya maji ya kunywa na juu ya rubani, na Wareno wakaupiga mji mizinga. Waliposafiri kuelekea kaskazini walimchapa viboko rubani waliyemchukua kule, kwa kuwa alisema visiwa fulani ni bara. Hatta kisiwa kile wakakiita kwa jina la mtu aliyechapwa. Hayo yote yalitangulia. Na pwani hii khabari huenda kwa jahazi, wala jahazi za wenyeji hazikungoja ruhusa ya Wareno.

Tarehe 7 Aprili 1498 wakatia nanga nje ya Mombasa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa, na ndimu, na miwa, na pete iwe alama ya amani. Watu wawili wa da Gama wakashuka mjini, wakatembezwa, wakarudi salama. Siku iliyowekwa ya kuingia bandarini, merikebu moja haikugeuka sawasawa ikagongana na nyingine, basi wakatupa nanga tena. Wenyeji waliokuwamo wakaruka majini wakaenda zao. Mwandishi ayaona haya kuwa dalili ya khiana. Usiku ule ule da Gama akawachukua watu wawili miongoni mwa mateka wake, akawatonesha mafuta yanayochemka juu ya ngozi zao ili waseme. Wakasema: kwamba mji ulikusudia kuwakamata kwa kulipiza yaliyofanywa Msumbiji.

Hapa mzee wetu aliviweka viatu chini.

Ndugu zetu, haya hatukuyapata kwa adui wa Wareno. Yameandikwa na mtu wao, bila ya haya, kama mtu aandikavyo kwamba leo upepo umevuma kutoka kusini. Na ushahidi ambao juu yake jina la khaini limejengwa ni huo wa mafuta. Kadhi yeyote wa madhehebu yetu akiletewa ungamo lililotolewa kwa moto hulitupa, kwa kuwa ungamo la mwenye kulazimishwa halina hukumu. Sisi hatusemi kwamba watu wa Mombasa hawakukusudia kitu. Yule mwandishi asema pia kwamba usiku ule watu walikuja wakiogelea ili wakate kamba za merikebu, na hatuna sababu ya kumkanusha. Huenda walikuja, na huenda wangalifanya zaidi. Twauliza jambo jingine. Mtu aliyepiga mizinga mji wa jirani yako, na ambaye ndani ya chombo chake yumo mwenzako anayechomwa kwa mafuta, ukienda usiku kuikata kamba yake, je, hiyo katika lugha yetu huitwa khiana? Khiana ni kuivunja amana. Amana gani ilikuwapo?

Tukaja Malindi, na mgeni wetu akajiweka sawa.

Wema wa mfalme wa Malindi hatuupunguzi. Aliwapa wageni chakula, akawachezea ngoma na farasi ufuoni, na mwisho akawapa rubani wa kuwavusha hadi Calicut. Lakini asome mtu vizuri. Njiani kutoka Mombasa Wareno waliteka chombo chenye watu 17 pamoja na dhahabu na fedha, na mateka hao ndio waliofika nao Malindi. Na rubani alipochelewa, walimzuia merikebuni mtu wa karibu wa mfalme, tarehe 22 Aprili, wakatuma neno kwamba huyu haachiliwi mpaka rubani aje. Rubani akaja. Tarehe 24 wakang'oa nanga. Basi Malindi nayo ilitoa rubani wake mtu wake akiwa rehani, na hakuna daftari la mtoto lililolisema hilo.

Na kwa nini mfalme wa Malindi aliwafungulia mlango? Mji wake na Mombasa ilikuwa na ushindani wa siku nyingi juu ya biashara na ukubwa. Aliona mizinga, akamfikiri jirani yake. Lilikuwa shauri la siasa, kama shauri la Mombasa lilivyokuwa la siasa. Mwandishi akalipa shauri moja jina la tabia njema na jingine jina la tabia mbaya, na tangu hapo maneno hayo hayakuwa tena ya wafalme wawili katika mwezi mmoja, bali ya watu wote wa miji miwili kwa karne tano. Mwaka 1572 mshairi wao mkubwa, Luís de Camões, akaitia khabari hii katika utenzi wake wa Os Lusíadas: Mombasa mahali pa hila, Malindi mahali pa ukarimu. Utenzi huo watoto wa Ureno waliusoma, na wanaousoma wakaandika tarikhi, na tarikhi hizo zikafasiriwa, mpaka zikafika darasa la sita. Wanavyuoni wetu wana jina la khabari ya namna hii: gharib. Hatta wakiisimulia watu elfu mwishoni, pale ilipoanzia yuko mtu mmoja.

Yaliyofuata tutayapita upesi, maana yajulikana. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliivunja Kilwa mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti akaipora Mombasa akaitia moto. Imehifadhiwa barua ya mfalme wa Mombasa aliyoiandika baada ya moto ule, akieleza kwamba hakusazwa mzee wala mtoto asiyewahi kukimbia, na kwamba harufu ya maiti ilimzuia kuingia mjini kwake. Na barua hiyo alimwandikia nani? Alimwandikia mfalme wa Malindi. Tulipolisema hili darsani, yule mgeni wetu aliinamisha kichwa, na mzee akamtazama kwa namna nyingine.

Wala wema haukuifaa sana nyumba ya Malindi. Wareno walipojenga Ngome ya Mombasa kuanzia mwaka 1593, walimweka mfalme wa Malindi awe mfalme wa Mombasa. Mwanawe, Sultan Hasan bin Ahmad, aligombana na mkuu wa Ngome, akakimbilia bara, akauawa kwa hila yao mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto wake Yusuf alichukuliwa Goa akalelewa na mapadri, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 akaingia Ngomeni akamwua mkuu wake kwa mkono wake, na Wareno wa mji wakauawa pamoja na wanawake na watoto. Katika vitabu vyao huyu ndiye khaini mkubwa kuliko wote, naye ni damu ya Malindi. Sisi nasi tusimfanye walii. Waliouawa baada ya vita kwisha hawakuwa askari.

Hapa kijana mmoja alituuliza swali ambalo tulikuwa twalingojea: "Na sisi, tunapowasimulia wengine, huwa waadilifu?"

Twajibu kwa mifano. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akawasifu watu wake kwa dini na utu, na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Sisi huipenda sana khabari hii, na huisoma kwa sauti kubwa. Walakini alilala usiku mmoja tu, akasafiri kwenda Kilwa. Na aliwakuta watu wa dini yake, na yeye ni mwepesi wa kuwasifu watu wa dini yake. Mpokezi wa usiku mmoja apimwe kwa usiku mmoja, ijapokuwa atusifu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Watu wengi husema kwamba aliyemwongoza da Gama kutoka Malindi ni Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari. Katika vitabu vya Wareno wa zama zile jina hilo halimo; baadhi yao husema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Aliyelitaja jina la Ibn Majid ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka aliyeandika miaka mingi baada ya tukio, naye aongeza kwamba Ibn Majid alionyesha njia akiwa amelewa. Watafiti wengi wa zama zetu wameikataa khabari hii. Mtazame basi jinsi ilivyozaliwa: balaa limewafika Waislamu baharini, yatafutwa sababu, apatikana mtu mmoja wa kubebeshwa, atiwa na pombe mkononi. Hakuna Mreno aliyemsingizia Ibn Majid ulevi. Ni sisi.

Na hapa pwani je? Kwa miaka mingi tuliwaita jirani zetu "Wanyika", yaani watu wa porini, hatta katika miaka ya 1940 walipojichagulia wenyewe jina la Mijikenda. Wako kati yetu ambao mpaka leo ulimi wao haujalizoea. Na mtu akitaka kujua khabari zao huwauliza wazee wa mjini, hawaulizi wao. Twafanya vile vile alivyofanya baharia wa da Gama, illa sisi hatukuwa na merikebu.

Yule kijana wa daftari aliuliza afanye nini, kwani mwalimu wa ndugu yake atasahihisha kwa kitabu. Tulimwambia asiifute ile sentensi, wala asimgombeze mwalimu, maana mwalimu naye ni mpokezi tu. Amwandikie mtoto chini yake, kwa penseli: nani aliyesema, alikuwa upande gani, na mafuta yale yalimwagwa juu ya nani. Amefanya hivyo. Na darsa imejipa kazi: kila mmoja alete neno moja ambalo mji wake au kabila lake husema juu ya wengine, pamoja na jina la aliyelisema kwanza. Mpaka twaandika haya yameletwa maneno tisa, na wapokezi wawili.