SOMO: MTOTO AJUE KUJIFUNZA MWENYEWE



Katika makazi yetu tunasikia wazazi wakisema: "Sijui Kiingereza, nitamsaidiaje mtoto? Hiyo ni kazi ya mwalimu." Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa kule Kongo, na wengine hatukupata shule. Hapa Uganda, kuanzia darasa la nne, masomo ni kwa Kiingereza. Tukifungua daftari la mtoto, hatuelewi. Hata hivyo tunalo la kufanya.

1. Msingi huwekwa nyumbani
Tumwangalie Timotheo. Baba yake alikuwa Myunani, mama yake Myahudi aliyeamini. Paulo alipofika Listra alimkuta tayari ni mwanafunzi (Matendo 16:1), kwa kuwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike walitangulia katika imani (2 Timotheo 1:5).

Nasi tumpe mtoto muda wa kusoma kabla giza halijaingia. Maji na kuni visiwe mzigo wa binti peke yake. Jioni tumwombe atueleze kwa Kiswahili alichojifunza. Akieleza vizuri, ameelewa. Akikwama, amejua mwenyewe pa kurudia. Kazi hii haihitaji Kiingereza.

2. Mwalimu humshika mkono, kisha humwachia
Paulo alisafiri na Timotheo, akamtuma, na baadaye akamwacha Efeso asimamie kazi (1 Timotheo 1:3). Mwalimu naye hutatua hesabu ya kwanza ubaoni, ya pili hufanya pamoja na darasa, ya tatu humwachia mwanafunzi. Mtoto aliyezoea kunakili tu hana pa kuanzia akiwa peke yake. Lakini kumwachia kabla hajaelewa ni kumtupa.

3. Wazazi na walimu wazungumze
Darasani watoto ni wengi. Mwalimu hawezi kujua hali ya kila nyumba. Twende tumweleze. Akijua mtoto hana taa, anaweza kumruhusu amalize zoezi shuleni.

Ndugu, tuliacha mashamba na nyumba, na hatujui kesho tutakuwa wapi. Mtoto anayejua kujifunza mwenyewe ataendelea popote tutakapofika.

Maswali ya kujadili nyumbani
- Mtoto wetu anasoma saa ngapi, na wapi?
- Ni kazi gani tunaweza kumpunguzia?
- Nani ataenda kumwona mwalimu wiki hii?