Mpe Tineja Kazi Kabla ya Kipaza Sauti

Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls walisafiri hadi California kuwasilisha mashindanoni programu ya simu waliyoiita i-Cut. Stacy Owino, Purity Achieng, Ivy Akinyi, Mascrine Atieno na Cynthia Otieno walikuwa bado matineja. Programu yao ilikusudiwa kumsaidia msichana aliye katika hatari ya kukeketwa aombe msaada kwa kubonyeza kitufe, na aliyekwisha kukeketwa apate pa kukimbilia. Miaka miwili baadaye kundi lao, The Restorers, liliingia fainali ya Tuzo ya Sakharov, ambayo Bunge la Ulaya huwapa watetezi wa haki za binadamu.

Tukiisimulia habari hii tunapenda kuanzia kwenye ndege. Mimi naomba tuanzie shuleni. Wasichana hawa wametoka katika jamii isiyokeketa, lakini walikuwa na rafiki aliyekeketwa na masomo yake yakakatika. Lilikuwa jambo walilolijua kwa sura na kwa jina. Wakapata watu wazima wa kuwaelekeza katika LakeHub, kituo cha ubunifu cha hapa Kisumu. Wakapata kazi yenye tarehe ya mwisho. Wakapata majaji wa kuwahoji. Naamini ujasiri wao ulizaliwa humo, katika kazi, na jukwaa likaukuta tayari umekua.

Kwa hivyo wewe mzazi, mwalimu au mlezi wa vijana kanisani au msikitini, uwe Nyalenda, Ahero au Mbita, usianze kwa kumtafutia mtoto mahali pa kuhutubia. Anza na malalamiko yake. Matineja hulalamika sana, nasi huwanyamazisha tukidhani ni utovu wa adabu, kumbe humo ndimo yalimo mambo wanayoyajali: choo cha shule kisicho na mlango, taa ya barabarani iliyozimika Manyatta hata wasichana wanaogopa kutoka kudurusu jioni, magugu-maji yanayoifungia mashua ya baba ufuoni. Siku akilalamika, muulize, "Wewe ungefanyaje?" Kisha nyamaza.

Kunyamaza huko ni kugumu kwa mtu mzima. Atasema "sijui", atashika simu, na wewe utatamani kumjazia jibu. Usimjazie, endelea kuchambua omena yako. Jibu la kwanza mara nyingi ni la kukuridhisha tu. La pili, linalokuja baada ya kimya, ndilo lake. Likija, usilikosoe papo hapo hata kama lina kasoro. Uliza tena: jambo hili linamuumiza nani mwingine? Nani ana uwezo wa kulirekebisha? Mtoto aliyezoea kuulizwa nyumbani hatatetemeka sana akiulizwa na mgeni.

Na mruhusu aseme kwa lugha anayofikiria. Wengi wetu tunakikumbuka kile kibao kilichozungushwa shuleni, aliyeshikwa akisema lugha ya mama anakibeba, na jioni anaadhibiwa. Kilitufundisha kwamba usalama umo katika kukaa kimya. Kiingereza kina nafasi yake na kitafika, lakini mawazo yaachwe yatoke kwanza kwa Dholuo, Kiswahili au hata Sheng, kisha myatafsiri pamoja. Mikutano ya wavuvi ufuoni huendeshwa kwa Dholuo na Kiswahili, na mambo mazito ya pesa na riziki huamuliwa humo.

Sasa kazi. Hapa ndipo ningekuomba ukae kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo watu wazima tunapokosa imani. Tunawaita vijana "viongozi wa kesho" na leo tunawatuma kupanga viti. Kazi ya kumkuza mtu lazima iwe na matokeo yanayoonekana akiifanya vizuri na hasara inayoonekana akizembea. Mpe bajeti ya chakula ya wiki moja, pesa taslimu mkononi, aende sokoni Kibuye mwenyewe, apatane bei, kisha aeleze nyumba nzima zilivyotumika. Kama mama ana chama, mwombe kijana awe mwandishi wa kumbukumbu: aandike nani ameleta mchango, nani ana deni, na aisome taarifa yake mbele ya akina mama. Kusoma hesabu mbele ya watu ambao pesa ni zao kunamfunza mtu kusema wazi upesi kuliko semina yoyote ninayoijua.

Atakosea. Jumatano unga utakwisha, au hesabu itapungua shilingi mia mbili. Usimnyang'anye kazi. Keti naye mtafute ilipopotea, halafu wiki inayofuata mrudishie pesa ileile. Kumpokonya ni kumwambia kwamba imani yako ilikuwa ya mkopo.

Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga, alipita njia hii. Kabla ya kuwa jina la dunia alikuwa mkaguzi wa afya katika halmashauri ya jiji la Nairobi, na humo akashughulikia madai ya wafanyakazi wenzake. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Desemba 1958 akaongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima kule Accra akiwa na miaka 28. Wapeleke vijana kwenye kaburi lake. Kutoka Mbita unavuka kwa barabara. Lakini mkiwa pale wasimulie pia habari za yule mkaguzi wa afya aliyeshughulikia madai ya wenzake, wasije wakadhani alizaliwa akihutubia. Na wasichana wasikie kuhusu Grace Onyango, mwalimu aliyekuwa meya wa Kisumu mwaka 1965 na kuingia bungeni mwaka 1969, mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa kuwa mbunge.

Kijana akishakuwa na jambo la kusema, mfundishe kulisema. Anzeni mmeketi, kundi la vijana watatu au wanne tu. Kila mmoja apewe dakika moja ya kueleza mambo matatu: nimeona nini, kinamuumiza nani, naomba nani afanye nini. Hilo la tatu ndilo huwashinda wengi. Wanaeleza tatizo vizuri kisha wanaishia hewani. Dakika ikiisha, wenzake wamuulize maswali mawili. Mfundishe pia kusema, "Hilo silijui, nitalitafuta na kuwaletea jibu," kisha hakikisha ameleta. Wakizoea kuketi, wasimame. Wakizoea kusimama chumbani, waende nje ambako upepo wa ziwa unameza sauti, wajifunze kusema polepole na kumaliza maneno.

Kwetu tuna urithi wa kutusaidia. Katika ngoma ya nyatiti mtu humsimamisha mpigaji, akatoa chochote, akajisifu na kumsifu rafiki au ukoo wake mbele ya wote. Ndiyo pakruok, na ingali inasikika katika benga na kwenye redio za Dholuo. Itumieni kufungua kikao: kila kijana amsifu mwenzake kwa jambo alilolishuhudia kwa macho yake wiki hiyo. Mwoga huona ni rahisi kumzungumzia mwingine kuliko kujizungumzia, na anayesifiwa hupata cha kushikilia zamu yake ikifika. Mashairi na tamthilia za mashindano ya shule nazo ni mazoezi mazuri, mradi mwalimu amwachie mwanafunzi nafasi ya kuandika angalau beti zake mwenyewe.

Kisha mpeleke mahali ambapo maneno hugeuka kuwa pesa na ujenzi. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liushirikishe umma katika kazi zake, na hakisemi lazima uwe na kura. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hivyo anzeni kuulizia mikutano mwanzoni mwa mwaka. Kisumu ina wadi 35. Ofisi ya mwakilishi wadi wenu ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha. Kundi liende na ukurasa mmoja: tatizo, mahali lilipo, ombi moja, majina yao. Ombi moja tu. Wapeleke nakala mbili, na moja irudi nao ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki mbili warudi kuuliza jibu, na wasipojibiwa waandike tena. Wewe keti nyuma. Afisa akikugeukia wewe badala ya kijana, na atakugeukia, mwelekeze kwa kijana.

Sitamlaumu mzazi anayeogopa. Wazazi wa Kondele na Nyalenda wanakumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2017, na Juni 2024, vijana walipojaa barabarani nchi nzima hadi rais akakataa kuutia saini Mswada wa Fedha, fahari na hofu zilikaa nyumba moja. Kwa msichana wa ufuoni kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Kuna jaboya, mvuvi kumdai mwanamke mwili ndipo amuuzie samaki, na binti akilitaja hadharani huenda anamtaja mtu ambaye mama yake atakutana naye asubuhi kwenye mashua. Jambo kama hilo lisibebwe na mtoto mmoja. Lisemwe kwa jina la kundi, pakiwepo wanawake wazima wanaoheshimika ufuoni, na kabla ya siku hiyo kila msichana ajue atarudi nyumbani na nani. Wote wajue pia namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto. Kupiga ni bure.

Kuna mtoto ambaye baada ya haya yote bado hatapenda kusimama mbele. Mwache. Mpe daftari, ramani, hesabu, au kazi ya kumwandalia mwenzake hoja; kundi lenye wasemaji watupu huvunjika upesi. Kila baada ya muda mwulize faraghani kama angependa kubadilisha kazi, na jibu lake la "bado" lipokelewe kama jibu.

Siku kundi linapoundwa, andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari tarehe ambayo mwenyekiti na mweka hazina wataachia vyeo. Muhula mmoja wa shule unatosha. Anayeachia akae na anayepokea, amwonyeshe barua zilizopelekwa, zilizojibiwa, na zile ambazo bado zinangoja mtu wa kurudi kuzifuatilia ofisini.