Somo: Kutunza Joto Nyumbani Wakati wa Kipupwe



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni migumu kwa sisi tunaofanya kazi katika nyanda za juu. Kuanzia Kericho na Limuru nchini Kenya hadi Mufindi na Njombe nchini Tanzania, mchumaji wa chai huingia shambani asubuhi majani yakiwa bado yana umande, na akirudi kambini nguo zake zimelowa. Mwenzake wa kiwandani hutoka kwenye joto la mashine za kukaushia chai, akaingia moja kwa moja kwenye ukungu wa usiku. Nyumbani wanamngoja watoto, na mshahara haukuongezeka kwa sababu baridi imeongezeka.

Watu wa pwani hudhani kwamba nchi zetu hazina baridi. Lakini kila upandapo mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo akaaye kwenye mita 2,000 amepungukiwa nyuzi kama 12 akilinganishwa na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam. Nyumba ya bati moja na sakafu tupu haitoshi katika hali hiyo.

Katika somo hili tutaeleza mambo matatu: namna ya kutunza joto kwa gharama ndogo, namna ya kujikinga na jiko linaloua, na wajibu wa tawi letu katika jambo hili.

1. JOTO HUPOTEA WAPI?

Kabla ya kutafuta joto jipya, tuzuie lile tulilo nalo lisitoroke. Hutoroka kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni paa. Bati hupoa upesi mara jua linapotua, na joto la chumba hupanda juu likapotelea huko. Nyumba yenye dari hukaa na joto muda mrefu zaidi. Asiye na dari anaweza kutandaza mikeka, maboksi yaliyokunjuliwa au magunia safi juu ya boriti za chumba cha kulala. Magunia yaliyobeba dawa za shamba au mbolea yasitumike kabisa. Wala dari ya namna hii isiwekwe juu ya jiko au koroboi, maana hushika moto upesi.

Njia ya pili ni upepo upitao chini ya mlango na katika nyufa. Nyufa zizibwe kwa udongo, na chini ya mlango pawekwe kitambaa kilichojazwa mchanga au maranda. Lakini nafasi iliyo juu, kati ya ukuta na paa, isizibwe yote. Sababu yake tutaieleza hapa chini.

Njia ya tatu ni sakafu. Watu wengi huongeza blanketi juu na kusahau kwamba baridi nyingi hutoka chini. Maboksi makavu, magazeti au mkeka wa pili chini ya godoro huweza kusaidia kama blanketi jingine, tena kwa gharama ndogo sana. Yatolewe nje kila penye jua, yasije yakavunda.

Njia ya nne ni unyevu. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili kila inapokauka mwilini. Hivyo basi, mtu akirudi kutoka shambani jambo la kwanza ni kuvua nguo mbichi na kuvaa kavu, hata kabla ya kunywa chai. Kila mchumaji ajitahidi kuwa na seti moja ya nguo za nyumbani isiyokwenda shambani.

2. NGUO NA MALAZI

Nguo haitengenezi joto. Inachofanya ni kuzuia hewa iliyokwisha kupashwa na mwili isiondoke. Kwa sababu hiyo, nguo mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine mara nyingi hushinda nguo moja nzito, kwa kuwa hewa hukaa katikati yake. Kofia na soksi za mtoto ni vitu vya bei ndogo vyenye faida kubwa. Sweta na mablanketi ya mitumba yanunuliwe mapema, kabla watu wote hawajayakimbilia sokoni.

Chupa ya maji ya moto yaweza kupasha kitanda joto kabla ya kulala. Maji yasiwe yanayochemka, kifuniko kikazwe sana, na chupa izungushiwe kitambaa. Iondolewe kabla ya mtoto mchanga kulazwa.

Mtoto mchanga hawezi kujipasha joto kama mtu mzima. Asiogeshwe siku ya kwanza ya kuzaliwa, avalishwe kofia, na akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa pamoja. Uso wake usifunikwe.

3. JIKO LINALOUA

Hapa tunawaomba wasomaji wasome polepole, na anayejua kusoma awasomee wenzake.

Kila msimu wa baridi hutokea vifo vya watu waliolala na jiko la makaa ndani. Hufunga mlango na dirisha, huweka jiko katikati ya chumba, na asubuhi majirani huvunja mlango. Wengi hawakuwa wazembe. Walisubiri moshi uishe, wakaona makaa yamekuwa mekundu na safi, wakadhani hatari imepita.

Ukweli ni kwamba makaa yakiungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haina moshi. Damu yetu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, na kwa hiyo mwili hukosa hewa ya uhai hata kama mtu anaendelea kupumua. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa. Hata makaa yaliyoanza kufunikwa na majivu bado huitoa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na magoti kulegea, kisha usingizi mzito. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja huku jiko likiwaka, msiseme ni uchovu wa kazi. Tokeni nje wote mara moja, fungueni mlango, na mpelekeni hospitali aliyelegea.

Kanuni zetu ni hizi:

(a) Jiko liwashwe nje. Likiingizwa ndani kwa kupikia, mlango au dirisha liwe wazi, na nafasi ya juu ya ukuta isizibwe.

(b) Jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala, hata akisema atalala kidogo tu. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha kwa mtu aliyelala.

(c) Jiko liwe mbali na mapito ya watoto, na nguo zisianikwe juu yake.

Mwenye chumba kimoja apikie barazani au karibu na mlango, apashe chumba joto wakati watu wako macho na mlango uko wazi, kisha atoe jiko, afunge mlango, na joto lilindwe na mkeka, maboksi na blanketi tulizozitaja.

4. HESABU YA MAKAA NA CHAKULA

Jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, kwa sababu udongo hushika joto. Tuchukue mfano wa nyumba inayotumia makopo 3 ya makaa kwa siku. Kwa siku 30 ni makopo 90. Jiko la udongo likipunguza theluthi moja, yatatumika makopo 60, na 30 yamebaki. Kila mmoja apige hesabu kwa bei ya kwao, aone jiko jipya litajilipa baada ya wiki ngapi.

Njia nyingine ni kapu la joto. Chukua kapu kubwa, lijaze matambara au majani makavu pande zote na chini, ukiacha shimo la sufuria katikati. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa maji mapya kwa nguvu nusu saa. Ondoa sufuria ikiwa imefunikwa vizuri, iweke ndani ya kapu, funika juu kwa mto, uiache kwa saa kadhaa. Chakula kitaendelea kuiva bila makaa. Maharage, hasa yale mekundu, yasiwekwe kapuni kabla ya kuchemka barabara, kwani yana sumu inayoondolewa na mchemko mkali. Kabla ya kula, yachemshe tena.

Mwili nao una jiko lake, na kuni zake ni chakula. Uji wenye karanga asubuhi, ugali na maharage, na mboga za majani hutupa joto la kufanyia kazi. Pombe hudanganya: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajiona ana moto, kumbe joto la ndani linamtoka.

5. KIKOHOZI NA HOMA YA MAPAFU

Baridi peke yake haileti vijidudu. Hata hivyo, wakati wa baridi watu hujifungia pamoja katika chumba kidogo chenye moshi, na ugonjwa hupita kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa nyumbani karibu unaongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata homa ya mapafu, yaani nimonia. Kwa hiyo madirisha yafunguliwe mchana, na mtoto asikae mgongoni mwa mama penye moshi.

Kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia, kwa dakika moja nzima ya saa. Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika:

60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12;
40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, asisubiri hata saa moja. Tusinunue vidonge kwa kubahatisha. Pia tuhakikishe watoto wamepata chanjo zao zote, ikiwemo ya kukinga nimonia, inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

6. KAZI YA TAWI

Ndugu, maboksi chini ya godoro yanasaidia, lakini hayawezi kuwa badala ya nyumba bora. Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya nyumba za wafanyakazi. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au alipe fedha za kutosha za kodi, isipokuwa pale mkataba unapokuwa umeijumlisha kodi hiyo katika mshahara, au mapatano ya pamoja yanapoeleza vingine.

Basi matawi yakague nyumba kabla ya Juni na kuandika: nyumba ngapi hazina dari, ngapi hazina jiko la nje, ngapi zina bati linalovuja. Mtu mmoja akilalamika huambiwa avumilie, lakini orodha ya nyumba mia moja ni hoja ya kupeleka katika majadiliano ya mkataba wa hali bora. Wakati huo huo wanachama wachange na kununua makaa kwa gunia, kuliko kila mmoja kununua kwa kopo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini makaa yasiyo na moshi bado ni hatari?
2. Katika nyumba zetu, joto hupotea zaidi kwa njia ipi kati ya zile nne?
3. Nani katika kila laini ya nyumba ana saa, na atawafundisha wengine kuhesabu pumzi za mtoto?
4. Mkataba wetu wa hali bora unasema nini juu ya nyumba? Katibu wa tawi ausome mbele ya mkutano.