CHAI HAINGOJI: SOMO TULILOPATA KATIKA MILIMA YA NANDI

Natumai asubuhi ya leo, kabla ya kuja shuleni, ulipata angalau kikombe kimoja cha chai. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Tunakunywa chai kila siku, nyumbani, hotelini na hata matangani, lakini ukimuuliza mwenzako jinsi inavyofika kikombeni atakujibu tu ati "inatoka Kericho." Mimi pia nilikuwa hivyo hadi chama chetu cha Kiswahili kilipofunga safari kwenda kutazama mashamba ya chai katika Milima ya Nandi.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kwenda. Nyumbani, baba na babu walikuwa wamebishana muhula mzima. Baba alitaka tung'oe kahawa ya babu tupande chai. Babu alisema kahawa hiyo ndiyo iliyowasomesha, na hawezi kuiona ikitiwa shoka. Kwa hiyo niliingia kwenye basi na daftari na swali moja: nani kati yao ana haki?

1. SAFARI

Tuliondoka saa kumi za alfajiri, baridi ya Elgon ikitukata masikio. Tulipita Kimilili, Webuye, Kakamega na Chavakali, kisha tukapanda kuelekea Kapsabet. Baada ya Kapsabet mahindi yakaanza kupungua na vilima vikageuka kijani kitupu. Ungedhani mtu amelifunika bonde zima kwa blanketi moja. Basi likanyamaza, hata wale wa nyuma waliokuwa wakiimba.

Tulipofika shambani mama mmoja mchumaji alitusalimu "Chamgei!" Sisi Wasabaoti tukamjibu bila kufikiri, kwani lugha zetu ni ndugu. Wenzetu Wabukusu wakabaki kututazama. Mwalimu akacheka, akasema, "Haya, leo nyinyi ndio wakalimani."

2. MMEA WENYEWE

La kwanza lililonishangaza ni kwamba chai ni mti. Ukiuacha bila kuukata utakua mrefu kuliko nyumba. Unakuwa kichaka kifupi kwa sababu hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na uso wake huwekwa sawasawa kama meza ili mchumaji aufikie kwa mkono.

Chai hupenda mambo manne: mwinuko, mvua ya mwaka mzima, jua la kiasi na udongo wenye asidi. Nchini Kenya hustawi baina ya mita 1,500 na 2,700 hivi juu ya bahari. Adui yake mkubwa huko Nandi na Kericho ni mvua ya mawe, ambayo huweza kuyachanachana majani yote kwa nusu saa.

Miche hailetwi kwa mbegu siku hizi. Hukatwa kijiti chenye jani moja, kikapandwa katika kijaluba cha plastiki na kutunzwa kivulini kwa miezi mingi. Shambani nafasi ya kawaida ni futi 4 kwa futi 2 na nusu. Hebu tufanye hesabu kidogo: mche mmoja huchukua futi za mraba 10. Eka moja ina futi za mraba 43,560. Basi eka moja hubeba miche 4,356. Nilipoandika tarakimu hiyo nilimkumbuka baba. Sidhani kama alikuwa ameifikia, na kila mche hununuliwa!

3. MAJANI MAWILI NA CHIPUKIZI

Mchumaji hachumi ovyo. Huchukua majani mawili machanga pamoja na chipukizi lililo katikati, basi. Jani la tatu ni gumu na huharibu ladha. Kila kichaka hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14, kutegemea mvua. Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, kazi hii haina likizo.

Hapa ndipo mwalimu alipotukumbusha kwamba dunia ni pana. Kule Nepal, chini ya milima ya Himalaya, kuna wilaya iitwayo Ilam, ambako chai ilianza kupandwa mwaka 1863. Iko mpakani, karibu na Darjeeling ya India. Mgeni akifika huko huona miteremko kama hii hii yetu, na akina mama wenye vikapu mgongoni. Lakini Ilam kuna kipupwe, na baridi inapozidi mti hulala. Mavuno ya kwanza baada ya baridi ndiyo yenye sifa kubwa. Huko pia viwanda vingi huyakunja majani badala ya kuyakatakata, kwa hiyo chai yao hubaki na majani marefu, nyepesi na yenye harufu nzuri. Yetu ni nyeusi, kali, inayofaa maziwa. Hakuna iliyo duni. Kila mlima una chai yake.

Yule mama aliniruhusu nijaribu. Baada ya robo saa mgongo uliniuma na vidole vikawa vyeusi. Nilitazama kikapu changu: hata chini hapajafunikwa! Nikamuuliza, "Mama, wewe kwa siku unachuma kilo ngapi?" Akajibu, "Mtoto wangu, siku nzuri arobaini, hata hamsini. Siku ya ukame, kumi na tano." Hulipwa kwa kilo. Maana yake mvua ikikosa, yeye pia hukosa.

4. PALE PALIPOKUWA NA BOMA

Katikati ya kijani kile niliona duara dogo ambapo vichaka vilikuwa vya manjano na vidogo. Nikadhani ni ugonjwa. Mama akatikisa kichwa. "Hapo palikuwa na boma la watu zamani," alisema. "Chai haipendi jivu."

Mwalimu wetu wa kilimo alieleza. Mahali watu walipopika na kufuga kwa miaka mingi, jivu na samadi huuondolea udongo asidi yake. Mahindi yangefurahi, lakini chai hudhoofika hapo hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mkulima wa chai hasafishi shamba kwa kuchoma magugu, wala hamwagi jivu la jikoni humo.

Lakini mimi niliwaza mengine. Wanandi walipigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi chini ya viongozi wao. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mkutano wa amani, akapigwa risasi na kapteni Richard Meinertzhagen. Baada ya hapo watu wengi walihamishwa, na baadaye sehemu ya ardhi yao ikapewa walowezi. Kaburi la Koitalel liko pale pale mjini Nandi Hills, na tulilizuru tukiwa tumevua kofia. Vitabu vinatuambia kwamba watu walihamishwa. Shambani nilijifunza kwamba hata udongo huweza kuweka kumbukumbu. Sijui ni nani aliyekaa katika boma lile, lakini miti yenyewe bado inakataa kumsahau.

5. KIWANDANI

Tukiwa bado shambani lori likapiga honi, na kila mtu akakimbia kupima. Nikauliza haraka hiyo ni ya nini. Mama akanijibu maneno ambayo nimeyafanya kichwa cha makala haya: "Chai haingoji."

Jani likishachumwa huanza kubadilika papo hapo. Likirundikwa au kushindiliwa kwenye gunia hupata joto, likawa jekundu kabla ya wakati wake, na kiwanda hulikataa. Ni lazima lifike siku ile ile.

Kiwandani tulivishwa makoti na kofia nyeupe tukaonyeshwa hatua hizi:

(a) Kunyausha. Majani hutandazwa kwenye mabirika marefu na kupulizwa hewa kwa saa 12 hadi 18 ili yapoteze maji na kulegea.

(b) Kukata. Hupitishwa katikati ya magurudumu ya chuma yenye meno, yanayoyakata, kuyapasua na kuyakunja kuwa chembe ndogo.

(c) Kuchachusha. Chembe hizo huachwa katika hewa kwa muda wa saa moja au mbili. Rangi hugeuka kutoka kijani hadi ya shaba. Ukitaka kuelewa, menya kiazi ukiache mezani: kile kinachokifanya kiwe cheusi ndicho kinachofanya kazi hapa.

(d) Kukausha. Moto mkali huzima mabadiliko hayo na kuacha unyevu wa asilimia 3 hivi tu.

(e) Kuchekecha. Chai hutenganishwa kwa ukubwa wa chembe na kutiwa katika mifuko.

Inahitajika kama kilo 4 na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kwa hiyo kilo 40 za yule mama, akitwa kutwa juani, huwa kama kilo 9 tu. Sehemu kubwa ya chai hiyo huenda kwenye mnada wa Mombasa, halafu nchi kama Pakistan, Misri na Uingereza.

6. MKULIMA MDOGO, NA MASHINE

Wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai kwa muda mrefu. Ilipandwa Limuru mwaka 1903, na makampuni makubwa yakaanza Kericho katika miaka ya 1920, lakini mwenyeji alikuwa kibarua tu. Hali ilianza kubadilika miaka ya 1950. Mwaka 1964 iliundwa KTDA kuwasaidia wakulima wadogo. Mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima. Leo wakulima wadogo ni zaidi ya laki tano na hutoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ndiyo hujenga nyumba na kulipa karo, na ikishuka, kilio husikika kila mlima.

Jambo la mwisho tuliloliona lilitutia simanzi. Upande wa pili wa bonde vijana wachache walisukuma mashine ya kuchuma juu ya vichaka. Ilikuwa ikinguruma kama pikipiki. Mama yule akasema kazi ya watu wengi sasa hufanywa na hao. Tajiri wa shamba ana hesabu yake, maana gharama ni kubwa na bei haipandi. Lakini mama naye ana watoto shuleni. Mei 2023 hasira za namna hii zilifika mbali hadi mashine zikachomwa moto huko Kericho. Mimi nasema kuchoma si dawa, lakini pia kumwambia mtu aliyechuma miaka ishirini "kwaheri" bila kumtafutia njia nyingine si haki.

7. JE, TUNG'OE KAHAWA?

Nilirudi nyumbani saa nne usiku. Kesho yake nilimsomea baba daftari langu, babu akisikiliza kando ya moto. Tuna mwinuko, tuna mvua, tuna mteremko. Babu akaanza kununa. Kisha nikafika pale pa "chai haingoji."

Kahawa ukishaikausha inaweza kukaa ghalani ikingoja barabara ikauke. Chai haina subira hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la chai si udongo, bali ni hili: kiwanda kiko wapi na lori litafikaje?

Baba akanyamaza kitambo. Akatazama kijia chetu kinachoteremka hadi barabarani, ambacho mvua ikinyesha hata punda hukataa. Akauliza, "Na lori litapita wapi, Aprili?" Sikuwa na jibu. Babu akasema, "Kalete kuni." Mjadala ukaisha kwa siku hiyo.

Kahawa bado imesimama. Lakini baba sasa anawahimiza majirani watengeneze kile kijia pamoja, maana amegundua kwamba hata mgonjwa na kabichi havingoji. Nadhani hilo ndilo jibu la swali langu. Wote wawili walikuwa na haki kidogo, na barabara ilikuwa na haki zaidi.

Ndugu msomaji, utakapoinua kikombe jioni, kumbuka mgongo wa yule mama.

MSAMIATI

Chipukizi – jani changa ambalo bado halijafunguka
Kupogoa – kupunguza matawi ya mti
Kunyausha – kulifanya jani lipoteze maji na kulegea
Mlowezi – mgeni aliyehamia na kukaa katika nchi ya wenyewe
Mnada – mauzo ambapo anayetoa bei ya juu ndiye anayepewa

MASWALI

1. Kwa nini chai hudhoofika mahali palipokuwa na boma?
2. Mchumaji amechuma kilo 54 za majani mabichi. Zitatoa takriban kilo ngapi za chai kavu?
3. Taja tofauti mbili kati ya chai ya Ilam na ya Milima ya Nandi.
4. "Mashine ya kuchuma chai ina hasara kuliko faida." Jadili.