Chuma na Shaba Iliyoyayuka

Ndugu msomaji, katika Suratul-Kahf imetajwa habari ya Dhulkarnain, alivyojenga boma kwa vipande vya chuma, kisha akamwaga juu yake madini yaliyoyayuka, ambayo wengi wa wafasiri wamesema ni shaba. Sura hii twaisoma kila Ijumaa, na ni wachache wajiulizao: je, shaba ikimwagwa juu ya chuma hushikana nacho, au huteleza ikaanguka?

Tazama tone la maji juu ya jani la jimbi: hujikusanya likabingirika. Tone lilo hilo juu ya kioo safi huenea. Na madini ni vivyo hivyo. Risasi iliyoyayuka, ikiwa peke yake, haipatani na chuma. Hujikusanya juu yake. Ama shaba huenea juu ya chuma kilicho safi, na ikipata mwanya mwembamba hupenya, kama mafuta yapandavyo katika utambi.

Jua pia kuwa shaba huyayuka kwa digrii 1085 za Selsiasi, na chuma kwa 1538. Baina ya viwango hivyo shaba huwa maji, na chuma kingali kimesimama. Viwandani unga wa chuma hushindiliwa ukawa umbo lenye vitundu, ukawekewa shaba, ukatiwa katika tanuri ya kiasi cha digrii 1120. Shaba huyayuka ikanyonywa na vitundu, na kile chombo huzidi nguvu.

Lakini sharti la yote ni usafi. Utando wa kutu, hata usioonekana kwa jicho, huizuia shaba. Ndiyo sababu tanuri zile hutiwa hewa ya hidrojeni, na ndoo za chuma huoshwa kwa tindikali kabla ya kuchovywa katika zinki ya digrii 450. Basi alaumuye lehemu yake kwa kubanduka, na atazame kwanza alivyosugua.

Wala si kila kupenya ni kheri. Chuma cha pua kilicho katika mkazo, zinki au shaba ya maji ikiingia baina ya chembe zake, huweza kupasuka ghafula.

Hatusemi kuwa Aya imeteremshwa kufundisha uhunzi. Kurani ni kitabu cha uongofu. Twasema tu kuwa asomaye na kufikiri hufaidika zaidi ya asomaye akapita.

Wallahu aalam.