Mpangilio wa Herufi: Suala la Mbinu katika Utafiti wa Ulemavu wa Viungo

Mwanahabari Mfaransa Jean-Dominique Bauby alipooza karibu mwili mzima mwaka 1995. Kitabu chake cha mwaka 1997 alikitunga kwa kupepesa jicho la kushoto: msaidizi alitaja herufi moja moja, naye akapepesa ilipofika aliyoitaka. Herufi zilipangwa kwa kadiri zinavyojitokeza katika Kifaransa. E ilitangulia, K ilikuwa ya 25.

Kwa Mswahili, mpangilio huo ni adhabu. K hujitokeza katika viambishi ku-, ki- na ka-, nayo A huzidi herufi zote. Hivyo basi, anayebuni programu ya kuandikia ya aina hii anapaswa kwanza kuhesabu herufi katika matini za Kiswahili, yakiwemo mazungumzo. Pili, aijaribu pamoja na walengwa wenyewe, si wanafunzi wenye viungo timamu, kwani uchovu wa misuli hauigiki. Washiriki wakiwa wachache, kila mmoja apimwe kasi, makosa na uchovu kwa siku kadhaa, alinganishwe na nafsi yake, na maoni yake yasikilizwe.

Hesabu ya herufi huonekana zoezi dogo la isimu. Kwa asiyeweza kushika kalamu, ndiyo huamua atalingojea neno lake kwa muda gani.