Mbio za nje: somo la uwanjani kwa ekipe za vijana

Katika somo hili tunaeleza namna ya kufundisha mbio za nje. Beki wa pembeni anatoka nyuma, anapita nje ya winga wake kando ya mstari, na kupokea mpira mbele. Cafu na Roberto Carlos walijulikana kwa mbio hizo katika ekipe ya Brazili iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 2002.

Kwa nini mbio hizi? Sisi tunafanya kazi Ituri, ambako vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viligawanya mitaa ya Bunia, na mauaji yakarudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017. Tukichanganya vijana Wahema, Walendu na wa makabila mengine katika ekipe moja, mara nyingi mpira unazunguka kati ya wale wa upande mmoja. Kuwaambia "pendaneni" hakutoshi. Mbio za nje zinahitaji watu watatu wanaoaminiana, kwa hiyo tunawachagua hao watatu kutoka pande tofauti.

Vifaa: mpira mmoja na chupa nne za plastiki zenye mchanga. Pima hatua 30 kwa 20 kando ya mstari.

1. Winga anapokea mpira na kuingia ndani kidogo, ili amvute mlinzi.

2. Beki anakimbia nyuma ya winga, anapita nje na kuita "Nje!" Neno hilo liitwe kwa Kiswahili, lugha ya wote, si kwa lugha ya nyumbani.

3. Winga anapiga mpira mbele ya mkimbiaji, si miguuni. Mkimbiaji asimpite mlinzi wa mwisho kabla mpira haujapigwa, asije akaotea.

4. Kiungo anashuka kulinda nafasi iliyoachwa na beki.

Anzeni wawili kwa mlinzi mmoja, polepole, kwa dakika 15. Kisha ongezeni kiungo na mlinzi wa pili. Kila baada ya dakika tano, wabadilishane nafasi.

Mara nyingine mlinzi atamfuata mkimbiaji, na winga atabaki na njia wazi ya kupiga golini. Kocha amsifu mkimbiaji huyo mbele ya wote: hakugusa mpira, lakini goli ni lake pia.

Mwishoni kaeni chini na kuuliza: Ulipokimbia mbele, ulijua nani analinda nyuma yako? Ulipoitwa, ulitazama nafasi au ulitazama ni nani anayeita? Mtaani, nani analinda nafasi yako unapokuwa mbali?

Somo hili halimalizi vita. Lakini kijana hakimbii mbele akiwa na hofu na anayebaki nyuma yake. Siku beki atakapokimbia bila kugeuka kutazama, kocha ajue kwamba kazi imeanza kuzaa matunda.